Helmeti ya mtoto: pima kichwa kwanza, ndipo uingie dukani

MUULIZE MAMA MUUGUZI
Maswali ya wasomaji kuhusu afya na usalama wa familia. Anayejibu ni muuguzi mstaafu wa wodi ya mifupa, mkazi wa Mwanza, ambaye mpaka leo anaendesha pikipiki yake mwenyewe.

*Mama Muuguzi, shikamoo. Mimi nauza dagaa wa jumla pale Mwaloni, Kirumba, na nyumbani ni Kisesa. Kila asubuhi napita na binti yangu wa miaka saba kumshusha shuleni Nyakato, na mwakani mdogo wake wa miaka minne ataanza chekechea hapo hapo. Nimezunguka maduka ya spea mjini kutafuta helmeti ya mtoto. Kila duka wananipa ya mtu mzima na kuniambia nijazie kitambaa. Mmoja alinipa ya baiskeli. Nimetenga shilingi 150,000 kwa vifaa vyake vyote. Nianzie wapi? Na koti la pikipiki la mtoto linapatikana wapi? Baba wa watoto wawili, Kisesa*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kukataa kile kitambaa. Kitambaa kinajaza nafasi tu, hakishiki kichwa. Siku ya ajali helmeti kubwa huzunguka, ikamziba mtoto macho, au ikachomoka kabla kichwa hakijafika chini. Nilifanya kazi wodini miaka mingi, na nimepokea watoto ambao wazazi wao waliapa kwamba mtoto alikuwa amevaa. Ni kweli alikuwa amevaa. Ila helmeti ilibaki barabarani na mtoto akaangukia kwingine.

Kwa hiyo kabla ya kwenda tena mjini, kaa na binti yako nyumbani na futi ya fundi cherehani. Izungushe juu kidogo ya nyusi, upana wa kidole kimoja, ipite juu ya masikio na kwenye ile sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi. Pima mara mbili tatu, chukua kipimo kikubwa, uandike kwa sentimita. Watoto wengi wa umri wake huwa kwenye 50 hadi 53, lakini usitegemee umri, pima. Kama shuleni wananyoa, pima akiwa amenyolewa. Kama anasuka, msuke twende kilioni iliyolala, maana vibutu vya juu vinainua helmeti na kuiacha ikielea.

Namba hiyo ndiyo unayokwenda nayo dukani. Helmeti za watoto huandikwa herufi Y mbele ya saizi: YS ni kama sentimita 49 hadi 50, YM ni 51 hadi 52, YL ni 53 hadi 54, ingawa viwanda hutofautiana kidogo. Muuza duka akikujibu “hii ni ya wote”, mshukuru na uondoke. Mwingine atakwambia chukua kubwa, atakua nayo. Sare ya shule tunanunua hivyo, helmeti haivumilii. Nunua inayomkaa leo. Akikua, nunua nyingine, na ile ya kwanza kama haijawahi kuanguka apewe mdogo wake atakapofikia.

Nenda naye dukani, usiende peke yako. Mvalishe, mfunge mkanda wa kidevuni mpaka vidole vyako viwili tu vipite kati ya mkanda na ngozi. Mwambie atikise kichwa: ngozi ya paji la uso isogee pamoja na helmeti. Mwambie atafune: mashavu yaguse sponji za pembeni. Kisha simama nyuma yake, shika ukingo wa nyuma wa helmeti na uivute juu kuelekea mbele, kama unataka kumvua. Ikitoka, rudisha kabatini hata kama ina picha anayoipenda. Ikibaki, mwache aivae kwa dakika kumi ukiwa unaongea na muuzaji. Ukiivua ukaona alama nyekundu imekaa sehemu moja ya paji, hiyo inambana na hataivaa kwa hiari.

Sasa kuhusu ubora. Uzuri wa helmeti haupo kwenye ganda linalong’aa. Upo kwenye lile povu jeupe, gumu, lililo ndani chini ya kitambaa. Wewe unalijua kuliko wateja wengi, maana ni polistareni, ile ile ya maboksi meupe ya kubebea samaki wa barafu hapo Mwaloni. Kazi yake ni kupondeka ili fuvu lisipondeke. Bonyeza ndani kwa kidole gumba. Ukikuta sponji laini tupu hadi kwenye plastiki, hiyo ni kofia ya mapambo. Na kwa kuwa povu hupondeka mara moja tu na halirudi, helmeti iliyopata ajali imekwisha hata kama nje haina mkwaruzo. Ndiyo sababu nawaambia watu kila siku: nguo za mitumba nunueni, helmeti ya mtumba hapana. Huwezi kujua ilitua wapi kabla ya kufika kwako.

Halafu tafuta alama. Kwa zile zilizopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa inayoitwa ECE 22, utakuta kitambaa kidogo kimeshonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Kina duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha, kwa mfano 3 ni Italia na 4 ni Uholanzi. Karibu nayo kuna namba ndefu inayoanza na 05 au 06, ambayo ni toleo la kanuni, na mwisho wake herufi: P maana yake sehemu ya kidevu inakinga kweli, J maana yake haina kinga ya kidevu. Zinazotoka India hubeba alama ya ISI na namba IS 4151. Alama ya DOT ya Marekani hukaa nyuma, lakini hiyo kiwanda hujithibitishia chenyewe, na stika zake zinachapishwa na kila mwenye mashine. Kama alama pekee unayoiona ni stika inayobanduka kwa ukucha, usiihesabu.

Ile ya baiskeli aliyokupa yule muuzaji, mrudishie. Kipimo cha Ulaya cha helmeti ya baiskeli huiangusha kutoka kama mita 1.5. Ile ya pikipiki, kwa toleo la 05, hupigishwa kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kuanguka kutoka karibu mita tatu. Hiyo ni kama kilomita 27 kwa saa. Iangalie vizuri namba hiyo, mwanangu, kwa sababu inakuhusu wewe unayeshika usukani kuliko binti aliyekaa nyuma. Hata helmeti nzuri ya toleo hilo imepimwa kwa kishindo cha kilomita 27 hivi. Barabara ya Musoma kutoka Kisesa hadi Igoma asubuhi ina malori, hiace zinazosimama ghafla na watu wanaokimbilia kazini. Ukiwa na mtoto nyuma, nenda polepole, toka nyumbani mapema zaidi.

Kofia za mjengo sitazizungumzia sana. Zimetengenezwa kuzuia kitu kinachodondoka kutoka juu, wala si kwa mtu anayerushwa kutoka kwenye chombo. Nawaona baadhi ya wazazi wakiwavalisha watoto na roho inaniuma.

Suala la uzito pia ni la mtoto hasa. Shingo yake bado changa na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Helmeti ya mtu mzima inayofunika uso wote hufika kilo 1.5 au zaidi. Ya mtoto itafute iliyo karibu na kilo moja. Muuza duka la vyakula jirani ana mizani, mwombe. Kati ya inayofunika uso na ya wazi, mimi ningemchukulia binti wa miaka saba inayofunika uso, ilimradi ni nyepesi na kioo chake ni cheupe. Kidevu na meno vinaumia sana kwenye ajali za pikipiki, na jioni ukirudi kandokando ya ziwa wadudu wanamwingia mtoto machoni, akaachia mkono kujifuta.

Utaipata wapi? Rudi kwenye yale maduka ya spea, lakini safari hii ukiwa na sentimita na herufi, usiulize tu “mnayo ya mtoto?” Wenye maduka wengi huagiza mzigo Kariakoo. Mwenye duka unayemwamini anaweza kukuongezea kipande kimoja kwenye oda yake. Ukiagiza mwenyewe, mpigie muuzaji simu ya video, akuoneshe kitambaa cha mkanda wa kidevuni na futi ikiwa imezungushwa ndani, ndipo utume pesa. Mizigo ya mabasi ya Dar inashukia stendi ya Nyegezi. Kubaliana mapema kwamba isipomkaa inarudi. Ninajua inachosha. Lakini uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2008 ulionesha kwamba helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna koti wala glavu yenye uwezo huo. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya zile 150,000 iende kichwani, na nikiambiwa imekwenda yote, sitakulaumu.

Kinachobaki, anza na miguu. Watoto wengi wa pikipiki niliowafunga bendeji hawakugongana na mtu. Waliungua shavu la mguu kwenye bomba la moshi, au kisigino kiliingia kwenye spoku za tairi la nyuma. Kidonda cha spoku ni kibaya, kinachuna ngozi ya kisigino mpaka mfupa na hakiponi upesi. Pikipiki nyingi za India huja na kile chuma cha pembeni kinachozuia nguo isiingie kwenye tairi, halafu tunaking’oa kwa sababu kinapiga kelele. Kama chako kiko stoo, kirudishe, na fundi akuwekee kama hicho upande wa pili. Mnunulie buti au raba nzito inayopita kifundo cha mguu, kamba zikiwa zimechomekwa ndani. Yebo yebo hapana. Binti avae suruali nene ya jinzi chini ya sketi ya shule ili apande kwa kutanua miguu, asikae upande. Begi lake livae wewe kifuani.

Koti la pikipiki la mtoto, lenye vikinga vya viwiko, mabega na mgongo, lipo Ulaya na China na linaagizwa, ila kwa bajeti yako silipi kipaumbele mwaka huu. Pita soko la mitumba la Mlango Mmoja siku wanapofungua marobota, tafuta jaketi zito la jinzi au la ngozi la mtoto, mikono ikifika kwenye vifundo vya vidole. Ukibahatika utakuta vikinga vya viwiko na magoti vya watoto wanaoteleza kwa viatu vya magurudumu, vile vyenye kikombe cha plastiki ngumu. Chukua. Glavu za ngozi pia, maana mtu akianguka hutanguliza mikono.

Jambo la mwisho si la duka. Miguu ya binti inafika kwenye vikanyagio vya abiria, nyayo zikakanyaga kwa uzito? Anaweza kukushika kiunoni na kubaki macho njia nzima? Kama hapana, hakuna kifaa kitakachomsaidia. Na mdogo wake wa miaka minne, hapo nakukatalia moja kwa moja. Watoto wawili kwenye pikipiki moja ni mishikaki, sheria imekataza, na mmoja wao lazima atakaa kwenye tangi, mahali ambapo ukifunga breki wewe ndiye unayemponda. India mwaka 2022 walitunga kanuni kwamba mtoto wa chini ya miaka minne afungwe mkanda maalumu unaomshikiza kwa dereva, wa kuanzia miezi tisa avae na helmeti, na mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Hata hayo yote ukiyatimiza, bado huna nafasi ya watoto wawili. Mtafutie gari la shule, au mama jirani anayepanda hiace na wanawe. Ongea naye sasa, usisubiri Januari.

*Mwangaluka, Mama. Niko Nansio, Ukerewe. Mwanangu wa miaka 11 anakwenda shule na bodaboda mmoja wa siku zote, kijana mwaminifu. Ana helmeti ya abiria lakini kila mtu anaivaa, na mtoto alishapata mba. Nifanyeje? Mama wa Nansio*

Mwangaluka, mdogo wangu. Mnunulie yake, akae nayo. Umri huo wengine saizi ndogo za watu wazima zinawakaa, kwa hiyo kupata ni rahisi kuliko kwa mwenzako wa Kisesa. Pima kama nilivyoeleza hapo juu. Shuleni ahifadhi kwenye dawati, asiitundike juani wala kuikalia. Sponji za ndani zinazotoka zifuliwe kwa maji na sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini. Ganda usilifute kwa petroli wala tina, vinaozesha plastiki bila wewe kuona. Mba wenyewe mpeleke zahanati. Wakati ukijichanga, avae ile ya bodaboda juu ya kitambaa chembamba cha pamba kimoja kilicholala vizuri, unachokifua kila siku. Mba hutibika.

*Shikamoo. Mimi ni bibi, naishi Sengerema. Mjukuu wangu ana miezi minane. Mama yake humbeba mgongoni kwa kitenge wanapanda bodaboda kuja Mwanza kliniki. Je, kuna helmeti za watoto wachanga? Bibi, Sengerema*

Marahaba, na heshima zangu, dada. Hapana. Kwa mtoto wa umri huo usitafute, na anayekuuzia anakudanganya. Shingo yake haiwezi kubeba helmeti ya pikipiki. Hata barabara ikiwa na mashimo tu bila ajali, ule uzito unamvuta kichwa mbele na nyuma. Na akiwa mgongoni kwa mama, yeye ndiye anayetangulia chini pikipiki ikiinuka mbele au kugongwa nyuma. Akibebwa kifuani, anabanwa kati ya mama na dereva. Kitenge ni kizuri kwa kutembea.

Mwambie binti yako apande basi au hiace. Zamani nilikuwa nawaelewa waliokuwa wanakimbilia bodaboda ili wawahi kivuko. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa na magari yanavuka moja kwa moja. Lina urefu wa kilomita 3 na liko wazi juu ya maji. Upepo wa ziwa unasukuma pikipiki pale juu hata ikiwa na mtu mzima peke yake. Na ulizieni kwanza kama kliniki ya mtoto haiwezi kufanyika hapo hapo Sengerema. Chanjo na kupima uzito vipo karibu yenu, safari yote hiyo huenda haihitajiki.

*Mama, mimi ni fundi cherehani hapa Nyegezi. Wazazi watatu wameniomba niwashonee watoto nguo za kuvaa kwenye pikipiki, kwa kuwa dukani hawapati. Nimependa wazo lakini sitaki kuwauzia uongo. Nitumie kitambaa gani na nishone vipi? Fundi, Nyegezi*

Fundi, barua yako imenifurahisha kuliko zote. Umeuliza kabla ya kukata kitambaa.

Kwanza wateja wako waelewe unachouza. Ulaya nguo za pikipiki hupimwa kwa kanuni ya EN 17092 na kupangwa madaraja, AAA ikiwa ya juu kabisa. Vikinga vya viungo vina kanuni yake, EN 1621. Nguo yako haitakuwa imepimwa, na usiishonee lebo inayodai hivyo. Itakachofanya ni kupunguza kuchubuka mtoto akianguka kwa mwendo mdogo. Hiyo peke yake ni faida kubwa: vidonda vya kuburuzika kwenye kokoto za barabara zetu za milimani, kama kule Mabatini na Igogo, huingia mchanga na kuoza, na kumsafisha mtoto kidonda cha namna hiyo ni maumivu ambayo sitaki kuyaeleza hapa.

Kitambaa ni jinzi nzito isiyovutika, au turubai la pamba. Epuka kitambaa cha traki suti kwa nje, kwa sababu msuguano unakiyeyusha kikagandia kwenye ngozi. Jinzi ya tabaka moja hutoboka upesi sana ikiburuzwa kwenye lami, kwa hiyo magoti, makalio, nyonga, viwiko na mabega yawe matabaka mawili au matatu. Suruali za mitumba zilizochanika zitakupa viraka vizuri kwa bei ndogo. Mishono isikae kwenye sehemu zinazogusa chini. Isogeze ndani ya paja na ndani ya mkono. Tumia uzi wa nailoni au poliesta mnene, ule wa mafundi viatu na mabegi, na upitishe mara tatu. Nguo nyingi hufunguka kwenye mshono kabla kitambaa hakijatoboka.

Ndani ya magoti na viwiko shona mfuko wenye mdomo wa kubandika, mzazi aweke kikinga na kukitoa wakati wa kufua. Usijaze sponji ya godoro, haifanyi lolote. Kama mzazi hana vikinga halisi, acha mfuko mtupu na mwambie atumie vile vyenye kikombe cha plastiki juu ya nguo. Weka lastiki kwenye mikono na vifundo vya miguu ili nguo isipande mtoto anapoburuzika. Usiweke kofia ya nyuma, kamba za shingoni wala mikanda inayoning’inia. Ile tepu inayong’aa ya vizibao vya barabarani izungushe mikononi na mgongoni, maana Novemba asubuhi mvua ikinyesha madereva hawaoni kitu.

Na unapochukua vipimo, mkalishe mtoto kwenye kiti akumbatie mgongo wa baba yake kama yuko kwenye pikipiki. Goti likikunjwa, kikinga kilichokaa vizuri akiwa amesimama kinapanda hadi pajani. Weka alama ya chaki akiwa amekaa, kata hapo.